Mikelenge: kulipia ulaini ambao maji yanao tayari

Mtu akitaja shida ya maji katika komine ya Mikelenge, mjini Kindu, kila mkaaji anafikiri kwanza bidoni ya lita 20, njia ya kwenda chemchem na watoto wanaochelewa masomo kwa sababu ya foleni. Shida hiyo ni ya kweli na inastahili kuendelea kusemwa. Lakini kuna jambo lingine la maji ambalo halisemwi, na linapita kila wiki katika beseni la kufulia. Familia nyingi zinanunua dawa ya kulainisha maji, zinaitia katika maji ambayo mara nyingi ni laini tayari, halafu zinaimwaga kandokando ya kijito. Zinalipa mara mbili: kwanza sokoni, kisha katika maji yenyewe.

Dawa hiyo haiuzwi kwa jina hilo. Inauzwa kama poda ya kufulia, na sokoni wengi wanasema tu "omo", hata kama mfuko una jina lingine kabisa. Ndani ya mfuko kuna sabuni ya kiwandani inayotoa uchafu, kuna manukato, mara nyingine kuna rangi ya kung'arisha nguo nyeupe. Na kuna sehemu kubwa ya unga ambao kazi yake si kutoa uchafu. Kazi yake ya kwanza ni kulainisha maji ili sabuni ipate kufanya kazi. Huo unga ndio unaopaswa kuulizwa: Mikelenge unahitajika kiasi gani, na ukishamwagwa unakwenda wapi?

Maji magumu na maji laini

Maji yanaitwa magumu yakiwa yamebeba madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, ambayo yanayaokota yakipita katika mawe, hasa mawe ya chokaa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linatumia vipimo hivi: maji yenye chini ya miligramu 60 za madini hayo kwa lita, yakihesabiwa kama chokaa, ni laini, kati ya 60 na 120 yana ugumu wa kadiri, kutoka 120 mpaka 180 ni magumu, juu ya 180 ni magumu sana. Maji magumu hayamdhuru mtu anayeyanywa. Udhia wake uko kwenye sabuni na kwenye sufuria. Sabuni ikikutana na kalsiamu inashikana nayo na kuwa utando mweupe unaoelea, povu linakataa kutoka, nguo inabaki na ukakasi. Ndani ya sufuria ya kuchemshia kunabaki ganda jeupe.

Wazee wa Kongo walijua dawa yake kabla ya viwanda. Majivu ya maganda ya ndizi au ya matawi ya mgazi yakichujwa na maji yanatoa maji makali, na hayo ndiyo yaliyopikwa pamoja na mafuta ya mawese kupata sabuni. Maji hayo ya majivu pia yanaangusha chokaa chini ya chombo na kuyaacha maji ya juu yakiwa laini zaidi. Viwanda vilifanya kazi ileile kwa njia nyingine: vilitia katika poda fosfati, au soda, au unga unaoitwa zeoliti. Vyote vitatu vinafanya jambo moja, yaani kukamata kalsiamu kabla haijaikamata sabuni.

Katika nchi zenye pesa kuna njia nyingine tena. Nyumba inawekewa mashine inayopitisha maji katika chembechembe maalumu. Chembechembe zinachukua kalsiamu na kuacha sodiamu badala yake. Zikichoka, zinaoshwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo ya chumvi yanamwagwa na kwenda katika mifereji. Mashine moja haionekani kuwa na kosa. Maelfu ya mashine katika bonde moja ni habari nyingine. Huko Santa Clarita, kaskazini mwa Los Angeles katika jimbo la California, chumvi kutoka nyumba hizo ilifika mto Santa Clara, na wakulima wa chini ya mto, wanaolima strawberi na avokado, ndio waliopata hofu ya kuimwagilia mimea maji yenye chumvi. Mitambo ya kusafisha maji machafu haikuweza kuitoa chumvi hiyo, kwa sababu chumvi ikishayeyuka haiozi na haichujiki kirahisi. Mwaka 2003 kuweka mashine mpya za aina hiyo kulikatazwa. Mwezi wa 11, 2008, wapiga kura wa bonde hilo wenyewe walikubali kwamba hata zile za zamani ziondolewe, na sheria ikaanza kutumika mwezi wa kwanza 2009.

Mikelenge si Santa Clarita. Huku ulainishaji wa maji unapita katika kifuko cha poda, wala si katika mashine ya chumvi. Lakini jambo lililowashtua watu wa California ni lilelile: kinacholainisha maji katika nyumba ya mtu kinakuwa mzigo wa jirani anayekaa chini ya mto. Na wao walikuwa na sababu, kwa kuwa maji yao ni magumu kweli. Mikelenge sababu hiyo ni ndogo sana.

Maji ya hapa si maji ya Goma

Maji ya mvua ni laini kabisa, kwa sababu hayajagusa jiwe. Maniema inapata mvua nyingi. Vijito na chemchem zinazotoka katika udongo wa mchanga na wa mfinyanzi, pembeni ya pori kubwa la Bonde la Kongo, kwa kawaida zinabeba madini kidogo. Ndiyo sababu mtu anayefua kijitoni kwa kipande cha sabuni ya kawaida anapata povu upesi, na shida yake inakuwa kulimaliza povu hilo wakati wa kusuuza.

Mto Lualaba wenyewe ni mchanganyiko. Unabeba maji kutoka Katanga, na kabla ya kufika Kindu unapokea pia mto Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie na kuleta maji yenye madini zaidi kuliko ya vijito vya pori. Maji ya foraji nayo yanategemea jiwe lililotobolewa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba kila tone la maji ya Kindu lina ulaini sawa. Lakini kati ya chemchem ya Mikelenge na Ziwa Kivu tofauti ni kubwa. Watu wa Goma wanaochota maji ya ziwa wanajua jinsi sabuni inavyosumbuka nayo: Ziwa Kivu limejaa magnesiamu kutokana na mawe ya volkano na chemchem zinazoingia chini yake. Likasi na Lubumbashi, sehemu ya maji inatoka katika miamba ya chokaa na dolomiti. Mama wa Goma au wa Likasi anayeongeza poda ana sababu. Mama wa Mikelenge anayetia kiasi kilekile anafuata mazoea ya maji ambayo si yake.

Na mazoea hayo hayakutoka kwake. Poda inafika Kindu kwa treni kutoka upande wa Lubumbashi, kwa barabara au kwa ndege kutoka Bukavu na Goma. Mfuko ni uleule kila mahali, na kipimo ni kilekile: kijazo cha mkono, au kifuko kizima. Hakuna aliyemwambia mnunuzi kwamba kipimo kinapaswa kubadilika kufuatana na maji.

Kwingine wanaambiwa, tena kwa lazima. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 648 ya mwaka 2004 inawaamuru watengenezaji wa poda za nguo waandike juu ya boksi vipimo vitatu: cha maji laini, cha maji ya kadiri na cha maji magumu. Mtu wa Brussels anasoma boksi lake na kujua kwamba, akiwa na maji laini, anatia kidogo. Mtu wa Mikelenge, ambaye ana pesa kidogo kuliko yule wa Brussels, anaachwa akisie.

Kinachotokea baada ya beseni

Brussels maji ya kufulia yanaingia katika bomba la maji machafu na kupita mtamboni kabla ya kufika mtoni. Kindu hayana bomba hilo. Yanamwagwa nyuma ya nyumba, au kufua kunafanywa papo hapo kijitoni. Kwa hiyo poda iliyotiwa bure inakwenda moja kwa moja: kutoka kiganjani mpaka katika maji ambamo watoto wanaoga, na mahali pengine ambamo jirani wa chini anachota ya kupikia.

Fosfati ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: ni mbolea. Mkulima anaijua ndani ya NPK, ile herufi P ya katikati. Ikiingia katika maji yanayotembea polepole, inalisha majani ya maji na ule ukungu wa kijani unaoteleza juu ya mawe. Kilo 1 ya fosforasi inaweza kulisha mamia ya kilo za mimea hiyo ya majini. Mimea ikifa inaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki wadogo wanakosa pumzi, mbu wanapata dimbwi lililotulia, na mahali palipokuwa pa kuchota panakuwa tope lenye harufu.

Jambo hili lilithibitishwa wazi huko Kanada mwaka 1973. Watafiti chini ya uongozi wa David Schindler walichukua ziwa moja dogo, wakaligawa sehemu mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kibichi. Ule mwingine ulibaki kama kawaida. Picha iliyopigwa kutoka juu iliwashinda wale waliokuwa wakisema sabuni haina kosa. Wakati ule poda za Marekani zilikuwa na fosfati hata theluthi ya uzito wake au zaidi, na Ziwa Erie lilikuwa limeanza kuitwa ziwa lililokufa. Marekani na Kanada zilitia saini mapatano ya maziwa yao makubwa mwaka 1972. Uswisi ilikataza fosfati katika poda za nguo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya uliwekea poda za nyumbani mpaka mkali kuanzia katikati ya mwaka 2013.

Kongo nayo ina kumbukumbu yake ya majani ya maji. Katika miaka ya 1950 yale magugu yenye maua ya zambarau yaliufunika mto Kongo kwa upesi mpaka meli zikasumbuka kupita, na watu wa chini ya mto wakayapa jina la Kilingala, "Kongo ya sika". Poda ya kufulia siyo iliyoyaleta. Mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini. Lakini kila aliyeyaona anajua jinsi mto unavyoweza kubadilika katika miaka michache, na magugu ya namna hiyo yanastawi zaidi mahali ambapo maji yamelishwa mbolea.

Si kila poda ina fosfati. Nyingine zina soda na zeoliti. Hizo hazilishi majani ya maji, lakini soda nyingi katika maji laini inayafanya makali: inakausha ngozi ya mikono, inachakaza nguo, na kuwasumbua wadudu wadogo wa kijitoni ambao ndio chakula cha samaki. Mnunuzi angeweza kuchagua kama mfuko ungemwambia kilichomo. Mara nyingi yeye hanunui hata mfuko. Ananunua kijiko kilichofungwa katika sasheti ndogo isiyo na neno lolote.

Mzigo ulio kichwani

Kuna hesabu moja ambayo haihitaji maabara. Poda ikizidi, povu linazidi. Povu likizidi, kusuuza kunaomba maji mengi. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na anayeibeba kutoka chemchem kwa kawaida ni mama au binti. Nguo zilizofuliwa kwa poda ya kupita kiasi zinaweza kuomba beseni moja au mawili zaidi ya kusuuza. Maana yake ni safari nyingine ya kwenda na kurudi, jua likiwa kali, kwa ajili ya kuondoa kitu ambacho hakikuhitajika kutiwa.

Watu wengi wanapenda povu kwa sababu wanaliona kama ushahidi wa usafi. Povu si ushahidi. Linaonyesha tu kwamba sabuni imebaki bila kazi. Na hapo kuna hatari nyingine inayofaa kusemwa wazi katika jimbo ambalo limejua kolera: maji laini si maji salama. Chemchem inaweza kutoa povu zuri kabisa na kubeba kolera. Kilichochafua maji ya kunywa ni choo kilicho juu ya chemchem na takataka zinazoletwa na mvua, na hiyo inaombwa klorini, kuchemsha na kulinda chemchem. Poda haina jibu kwa hayo. Familia yenye franka chache ikitumia sehemu yake kununua ulaini ambao maji yanao, inabaki na franka pungufu za klorini.

Wanaopinga wana hoja

Kuna watakaosema Lualaba ni mto mkubwa, na poda ya Mikelenge ndani yake ni tone baharini. Kwa Lualaba hoja hiyo ina nguvu. Lakini mtu hafulii katikati ya Lualaba. Anafulia pembeni, au katika kijito ambacho wakati wa kiangazi mtoto anakivuka bila kulowa magoti. Kijito hicho hakina maji ya kuficha kitu. Kinachosafirishwa na mto mkubwa kinakuwa kimeshapita katika mto mdogo, na huko ndiko watu wanakoishi.

Wengine watasema kuna wachafuzi wakubwa zaidi: mashine za kuchimba dhahabu ndani ya mito, zebaki, udongo unaoporomoka kutoka machimbo ya kasiterite, vyoo visivyo na shimo la kweli. Ni kweli, na hata fosforasi yenyewe inatoka pia katika vyoo na katika udongo uliokokotwa na mvua. Kumfanya mama wa beseni kuwa mshitakiwa na kumwacha mwenye mashine ya mtoni kungekuwa kosa na aibu. Lakini tofauti iko hapa: kupunguza zebaki kunadai polisi, mahakama na ujasiri wa viongozi. Kupunguza poda hakudai ruhusa ya mtu yeyote, na anayepunguza anabaki na pesa mfukoni siku ileile. Ni uchafuzi ambao kuuacha kunampa faida yule anayeuacha. Uchafuzi wa namna hiyo ni nadra, na unafaa kuanzwa kwanza.

Wapo pia watakaodai sheria ya kukataza. Kongo inazo sheria nzuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na katika kifungu cha 53 haki ya mazingira yenye afya. Kuna sheria ya mazingira ya mwaka 2011 na sheria ya maji ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, inayoyapa majimbo na serikali za chini sehemu ya kazi. Lakini kuna pia dekreti ya mwisho wa mwaka 2017 inayokataza sasheti za plastiki, na kila anayeingia sokoni Kindu anaona sasheti hizo zikiendelea kufunga chumvi, sukari na hiyo hiyo poda. Kukataza bila kufuatilia kunawafundisha watu tu kutoamini sheria. Mikelenge haina sababu ya kungoja Kinshasa.

Yanayoweza kuanza sasa

La kwanza ni kupima, na kipimo kipo katika kila nyumba. Chupa mbili nyeupe zenye ukubwa sawa zinatosha. Moja inatiwa maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua kuosha bati. Nyingine inatiwa maji ya chemchem, ya kisima au ya robine, kwa kiasi sawa. Katika kila moja kunatiwa kipande kidogo kilekile cha sabuni ya kawaida iliyoparwa, si poda. Zinafungwa na kutikiswa sawasawa. Chupa ya pili ikitoa povu kama ile ya mvua na maji yakabaki bila vipande vyeupe, maji hayo ni laini, na poda inaweza kupunguzwa mara moja. Povu likikataa na maji yakachafuka kama maziwa, maji ni magumu, na hapo kuongeza kuna maana.

Walimu wa kemia wanaweza kuifanya kazi hiyo kuwa somo. Chuo kikuu cha Kindu na ISP wana wanafunzi wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo zenye faida. Kupima ugumu wa kila chemchem na kila foraji ya Mikelenge, na kuandika jibu kwa rangi juu ya ukuta wa chemchem, si kazi ya mamilioni. Wamama wanaochota wangesoma neno moja: laini, kadiri, au gumu. Ofisi ya komine nayo ingekuwa na karatasi ambayo leo haina.

La pili ni mahali pa kufulia. Kutenga sehemu ya kuchotea na sehemu ya kufulia, ya kufulia ikiwa chini na yenye shimo la mawe na mchanga la kunywesha maji machafu, ni kazi ya salongo ya siku chache. Udongo unashika fosfati vizuri kuliko kijito. Hata mtu anayefua nyumbani anaweza kumwaga maji yake chini ya mgomba badala ya mtaro unaoshuka kijitoni, mradi hayana soda nyingi.

La tatu ni la wafanyabiashara na OCC, ofisi inayokagua bidhaa. Anayeleta poda Kindu aombwe jambo dogo: mfuko uandike kilichomo na kipimo cha maji laini, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Haitamfilisi mtu. Watengenezaji wengi wanaandika hivyo tayari kwa wanunuzi wa Ulaya.

La nne ndilo lenye pesa. Sabuni ya kipande, iliyopikwa kwa mafuta ya mawese, ina udhaifu mmoja mkubwa: inashindwa katika maji magumu. Udhaifu huo ndio uliozipa poda za viwandani ushindi wao duniani. Katika maji laini udhaifu huo haupo. Yaani Mikelenge ina maji yanayoifaa sabuni ambayo Maniema inaweza kuipika yenyewe, kwa mafuta ya ngazi zake. Haina fosfati, na inaoza upesi. Kinachokosekana ni ubora unaoaminika. Sabuni yenye soude iliyozidi inachoma mikono, na mama aliyechomwa mara moja anarudi kwenye poda. Vikundi vya wapishi wa sabuni vikipata mafunzo ya kupima soude kwa mizani badala ya kwa macho, na kuiacha sabuni ikauke majuma kadhaa kabla ya kuuza, franka inayopanda treni kurudi Lubumbashi ingebaki Kindu, kwa mkulima wa ngazi na kwa mpishi wa sabuni.

Poda haitatoweka sokoni, na haina haja ya kutoweka. Kwa mablanketi na kwa nguo za kazi zilizojaa grisi, ina faida yake. Kinachoombwa ni kipimo kinachofuata maji yaliyopo. Chupa mbili na kipande cha sabuni vinatosha kwa nyumba moja kuanza Jumamosi hii, kabla ya kufua. Na kama burgumestri akitaka kuijaribu mbele ya watu, chemchem ya kuanzia hatakosa.